Mzee wa Kamera ya Miguu Mitatu

Kila mwaka, jarida la chama chetu linapoanza kuandaliwa, mwalimu mlezi hutugawia kurasa kama mama anavyogawa ugali: huyu mashairi, yule vitendawili, wale mahojiano na mpishi mkuu. Mwaka huu mimi niliangukiwa na ukurasa wa maisha ya mtu mashuhuri. Wenzangu walidhani nitaandika juu ya Shaaban Robert au Mekatilili wa Menza. Hao kwa hakika wanastahili, lakini waliosoma majarida yetu ya nyuma watakubali kwamba tumewaandika mpaka wino umetukauka. Nilipotaja jina la Mfaransa mmoja aliyekuwa akizurura Paris na kamera, darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akataka kujua kama ndiye aliyewapiga picha wachezaji wa Kombe la Dunia. La hasha! Huyu alipiga picha ngazi, milango, vikapu na madirisha ya maduka, na alifariki mwaka 1927.

Nilikutana naye kwa bahati tu. Katika maktaba yetu kuna rafu ya chini kabisa ambako hutiwa vitabu visivyotahiniwa. Hapo nilipata kitabu kikubwa cha picha, jalada limeng'oka, kurasa zimeliwa na mende pembeni. Nilikifungua nikitaraji kuona vita au wanyama wa porini. Badala yake nikaona ua wa nyumba kuukuu, mkokoteni umeegemezwa ukutani, na nuru ya asubuhi imeingia pale kama mgeni asiyebisha hodi. Hakuna mtu. Hakuna linalotendeka. Lakini nilikaa na picha ile mpaka kengele ya prepu ikalia, na moyoni nikawa na ukiwa fulani, ule ule unaonishika jioni ya siku ya wazazi, magari yakishaondoka na uwanja ukabaki na maganda ya machungwa. Nikajiuliza, mkokoteni mtupu una nini hata unihuzunishe? Swali hilo ndilo lililonituma kumtafuta mwenye picha.

Basi, ndugu msomaji, jina lake ni Eugène Atget. Alizaliwa tarehe 12 Februari 1857 katika mji wa Libourne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Wazazi wote wawili walifariki yeye angali mtoto mdogo, akalelewa na babu na nyanya yake mjini Bordeaux. Alipomaliza masomo akaingia baharini, akafanya kazi melini kwa muda, kisha mwaka 1878 akafika Paris na ndoto moja tu kichwani: kuwa mwigizaji wa jukwaani.

Ndoto hiyo ilimtesa. Mtihani wa kwanza wa kuingia chuo cha maigizo aliuanguka. Mwaka uliofuata akaupita, lakini huku nako jeshi lilikuwa limemshika kwa utumishi wa lazima, akawa anahudhuria masomo nusu nusu, na mwaka 1881 akafukuzwa. Hakukata tamaa. Alijiunga na kikundi kilichokuwa kikizunguka mikoani, akipewa nafasi ndogo ndogo, zile za kuingia na barua na kutoka. Katika safari hizo alikutana na mwigizaji mmoja aitwaye Valentine, aliyemzidi umri kwa miaka kumi, na wakaishi pamoja mpaka kifo. Kisha mnamo 1887 koo likamharibikia. Mwigizaji asiye na sauti ni kama ngoma iliyopasuka. Akajaribu kuchora, mkono ukakataa. Alikuwa na miaka thelathini, hana kazi, hana sauti, hana hata wazazi wa kurudi kwao.

Hapo ndipo alipoishika kamera, na tusidhani aliishika kwa mapenzi ya sanaa. Aliishika kwa ajili ya mkate. Alibandika kibao mlangoni kutangaza kwamba anauza picha za kuwasaidia wasanii. Mchoraji akitaka kuchora mti na hana nafasi ya kwenda shambani, anakuja kwa Atget kununua picha ya mti. Fundi wa kuchonga akitaka mfano wa kitasa cha zamani, picha ya kitasa ipo. Yaani alikuwa kama duka la rejareja la vitu vya kutazama. Mimi hilo lilinipendeza sana, kwa sababu babu yangu mzaa mama naye alikuwa mpiga picha wa mkate, lakini nitamfikia.

Paris ya siku zile ilikuwa inabomolewa. Kati ya 1853 na 1870 serikali ilikuwa imepasua mabarabara makubwa katikati ya mji, mitaa ya kale ikafagiliwa, na hata baadaye kubomoa kuliendelea. Kufikia miaka ya 1890 wenye mji wakaanza kujuta. Majumba ya makumbusho na maktaba yakataka kumbukumbu za kilichobaki. Atget akaiona nafasi. Kuanzia mwaka 1897 hivi akaanza kuipiga picha Paris ya zamani, mtaa baada ya mtaa, ua baada ya ua, kwa muda wa karibu miaka thelathini, na picha akaziuza kwa maktaba ya taifa, kwa makumbusho ya mji na kwa yeyote aliyezitaka. Hakuupiga mnara wa Eiffel uliokuwa ukisifiwa na kila mtu. Kilichomshughulisha ni mji uliokuwa ukiondoka.

Hebu tumwone kazini. Anaamka alfajiri. Anabeba kamera kubwa ya mbao yenye mvukuto, miguu mitatu ya kuisimamishia, kitambaa cheusi, na sanduku la vibamba vya kioo, kila kimoja sentimita 18 kwa 24. Mzigo wote ulipita kilo 15. Anaupandisha ngazini, anaushusha, anaupakia garini, akifika anasimamisha miguu mitatu, anajifunika kitambaa kichwa kizima, anatazama mtaa ukiwa umepinduka, miguu juu kichwa chini, maana ndivyo kamera zile zilivyoonyesha. Kisha anaondoa kifuniko cha lenzi na kuhesabu sekunde. Hakuna kubonyeza na kukimbia hapo.

Sekunde hizo ndizo siri ya kwanza niliyoigundua. Mtu akipita mbele ya kamera kabla kioo hakijanywa mwanga wa kutosha, huyeyuka. Hubaki kama moshi, au asibaki kabisa. Farasi aliyesimama huonekana mwili wake wote isipokuwa kichwa, kwa sababu alikitikisa. Ndiyo maana mitaa ya Atget inaonekana mitupu hata pale ilipokuwa na watu, na kwa vile alipenda saa za mapema, mara nyingi ilikuwa mitupu kweli. Mwanafikra wa Kijerumani, Walter Benjamin, aliandika mwaka 1931 kwamba picha hizo zinafanana na za mahali palipotendeka uhalifu. Mimi sikuogopa hivyo, lakini nilimwelewa. Unapotazama kiti kitupu mlangoni unaanza kumsubiri mwenyewe.

Siri ya pili ni mwanga wenyewe. Tangu mwaka 1907 vibamba vya rangi vilikuwa vikiuzwa Paris, lakini picha za mzee huyu ni za nuru na kivuli tu. Nikisema nyeusi na nyeupe nasema kwa mazoea, maana karatasi zake zina wekundu wa chai ya rangi. Alitumia karatasi iliyopakwa ute wa mayai, naam, mayai ya kuku, na aliishikilia hata wenzake walipohamia karatasi za kisasa. Kibamba kililazwa juu ya karatasi ndani ya fremu, fremu ikaanikwa juani kama mtama, na jua likasafisha picha polepole mpaka ikaiva. Siku ya mawingu kazi ilichelewa. Kwa hiyo picha ya asubuhi ya Paris ilipikwa mara mbili na jua lile lile, kwanza mtaani na pili dirishani kwake.

Nilitaka kuhakikisha, nisije nikaandika nisiyoyajua. Likizo ya Agosti niliazima simu ya mama, nikaigeuza ionyeshe nyeusi na nyeupe, nikatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jikoni kwetu, nje, kuna mtungi wa maji wa manjano ambao siku zote ndio wa kwanza kuonekana, manjano yake inapiga kelele. Kwenye picha mtungi ukanyamaza. Badala yake nikauona moshi wa kuni ukipita kwenye mwale uliotoka tundu la bati, na kigoda cha nyanya kimekaa pale pale alipokiacha usiku. Ni kigoda tu! Nimekikalia tangu utotoni. Lakini kwenye picha kilikuwa kigoda cha mtu fulani, tena mzee, tena aliyechoka. Saa sita mchana nikarudi kupiga mahali pale pale, na sikupata kitu ila kigoda, mtungi na kuku. Sasa nikajua kwa nini yule mzee aliamka mapema.

Si kwamba hakuwapiga watu kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1890 aliwapiga wachuuzi wa mitaani, wauza maua, wauza vikapu, watu ambao kazi zao zilikuwa zinakufa. Kuna picha ya mzee mwenye ndevu anayezungusha kinanda cha kupigwa barabarani, na kando yake mwanamke mfupi anaimba, uso ameuinua juu, anatabasamu kana kwamba kwake kumenyesha sukari. Mzee amenuna kama ada ya shule. Mimi hiyo ndiyo naipenda kuliko zote, na siwezi kueleza vizuri kwa nini, ila nadhani ni kwa sababu hakuwaambia wafanane. Miaka ya 1912 na 1913 alikwenda kwenye vibanda vya waokota takataka pembezoni mwa mji, akawapiga mbele ya milango yao kwa heshima ile ile aliyowapigia wafalme wa mawe kule Versailles.

Kuna nyingine ya 1912 ya duka la koseti, lile vazi la kubana kiuno. Wavulana wa kidato cha pili niliowaonyesha walicheka hadi wakafukuzwa maktaba. Lakini tazama vizuri: mavazi yamepangwa dirishani kama wanawake wasio na vichwa, na moja limetundikwa nje mlangoni. Hilo la nje limetikiswa na upepo zile sekunde kamera ilipokuwa wazi, likatoka na ukungu. Ni kama kwamba katika duka zima hilo moja ndilo linalopumua. Na katika picha ya mlango wa mkahawa, ya mwaka 1908, kuna mwanamume anachungulia kutoka ndani ya kioo, na juu ya kioo hicho hicho, ukitega macho, unamwona Atget mwenyewe na kamera yake, kivuli tu. Nyuso mbili katika kioo kimoja, na hakuna anayemsalimia mwenzake.

Jambo jingine ambalo wajuzi wangeliita kosa: pembe za juu za picha zake nyingi ni nyeusi, zimejikunja kama tao. Alikuwa akiinua lenzi ili paa la nyumba liingie, na lenzi ikishindwa kufika pembeni, giza likabaki. Angeweza kukata pembe hizo kwa mkasi. Hakukata.

Mwaka 1914 vita vikaanza, na mwana wa Valentine, ambaye Atget alimlea, akauawa vitani. Hapo mzee akaacha kupiga picha kwa miaka kadhaa, karibu kabisa. Vibamba vyake akaviteremsha chumba cha chini ya jengo kwa kuhofia mabomu. Fikiria maelfu ya vioo, mji mzima umelala gizani ndani ya masanduku, na mwenyewe hajui kama kesho kutakuwa na mji huko juu. Mwaka 1920 akamwandikia ofisa wa serikali aliyehusika na sanaa kumweleza kwamba yeye anamiliki Paris yote ya zamani, kwamba amezeeka na hana wa kumrithi, na anaogopa kazi yake itaangukia mikono ya mtu asiyejua thamani yake. Serikali ikanunua vibamba 2,621 kwa faranga 10,000.

Hapa nitasimama kidogo nimtaje babu. Miaka ya sabini na themanini alikuwa na studio ndogo Nakuru, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Alipiga picha za vitambulisho, za harusi, za vijana waliovaa suruali pana na kuegemea redio isiyokuwa na betri. Filamu ya nyeusi na nyeupe ilikuwa na nafasi 36, na wateja wakiisha zimebaki mbili tatu, babu hakutaka kuzitupa. Alitoka nje akapiga chochote: baiskeli ukutani, ngazi za posta, kibanda cha muuza viatu saa ya kufunga. Hakuna aliyenunua hizo. Nyanya anasema alimwuliza mara nyingi ni za nini, naye hakuwa na jibu. Babu alipofariki, negativu zake zilikuwa kwenye mikebe minne ya biskuti. Mitatu ilikwenda na takataka siku ya kusafisha nyumba, maana jamaa walihitaji chumba. Sikuwa nimezaliwa, simlaumu mtu. Nasema tu kwamba barua ile ya 1920 niliisoma habari yake mara mbili.

Baada ya kuuza, Atget alikuwa na fedha za kumtosha na hakuwa tena na haja ya kumridhisha mnunuzi. Wengine wangestaafu. Yeye ndipo alipopiga picha zake nzuri zaidi. Alirudi kwenye bustani za zamani za wafalme, Saint-Cloud na Versailles, akapiga madimbwi, mizizi ya miti, sanamu zilizoota kuvu. Mwaka 1925, akiwa na miaka 68, alikwenda mara kwa mara katika bustani ya Sceaux, iliyokuwa imetelekezwa na sasa inakaribia kukarabatiwa. Alikwenda kuanzia Machi hadi Juni, akabeba mzigo ule ule, na kwenye baadhi ya picha akaandika saa: saa moja asubuhi. Ukungu, ngazi zenye magugu, sanamu mbili za mbali. Aliyekuwa akihesabu vitasa sasa alikuwa akiandika saa ya nuru.

Alikuwa na vituko vyake pia. Inasimuliwa kwamba kwa miaka mingi hakula ila mkate, maziwa na sukari, akiamini vyakula vingine ni sumu. Wenzangu wa bweni, nanyi mnaolalamikia maharagwe, mwaonaje?

Katika mtaa wake wa Campagne-Première aliishi pia msanii Mmarekani aitwaye Man Ray, aliyenunua picha zake kadhaa. Mwaka 1926 kikundi cha wasanii vijana kikatumia picha moja ya Atget kwenye jalada la jarida lao. Ni ya mwaka 1912, siku jua lilipopatwa: umati wa watu umesimama Place de la Bastille, wote wametazama juu, vioo machoni. Jua lenyewe halionekani. Mtu asiyejua atadhani wameona malaika. Atget aliruhusu itumike lakini akaomba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa kwake hizo zilikuwa kumbukumbu tu, si sanaa. Mwaka huo huo Valentine akafariki.

Aliyekuwa msaidizi wa Man Ray, msichana Mmarekani Berenice Abbott, alikuwa ameziona picha hizo mwaka 1925 na akawa anakwenda kwa mzee kununua chache kila alipopata senti. Mwaka 1927 akamwomba aje studio kwake apigwe picha. Abbott alitaka amwone katika nguo zake za kazi zilizotatuka. Mzee akaja amevaa koti zuri, amejipanga kama mtu anayekwenda kanisani. Amekaa upande, mgongo umepinda kwa miaka ya kubeba, uso umechoka. Abbott alipozisafisha picha akazipeleka nyumbani kwa mzee amwonyeshe. Kibao hakikuwepo mlangoni. Mzee alikuwa amefariki, tarehe 4 Agosti 1927.

Abbott hakulala. Alimtafuta rafiki wa marehemu, mwigizaji wa zamani aliyeachiwa mali, na mwaka 1928 akavinunua vibamba zaidi ya elfu moja na maelfu ya picha zilizosafishwa. Alivisafirisha mpaka New York, akavitunza kwa miaka arobaini, mara nyingi yeye mwenyewe akiwa hana fedha, akaandika vitabu na kusafisha picha upya kwa mkono wake. Mwaka 1968 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York likavinunua. Kutoka hapo dunia ikamjua mtu ambaye majirani zake walimwona kama mzee wa sanduku.

Na ule mkebe wa nne? Uko juu ya kabati la nyanya, ndani yake sindano, vifungo, na chini yake negativu zimefungwa kwa uzi. Nimeruhusiwa kuzitazama, mradi sindano zirudi mahali pake. Huzishika kwenye dirisha la mashariki, asubuhi, moja moja, mweupe ukiwa mweusi na mweusi ukiwa mweupe. Kufikia mwisho wa likizo nilikuwa nimetazama vipande arobaini na kimoja. Vingi ni nyuso za vitambulisho. Katika kipande cha thelathini na nane, baada ya bwana na bibi harusi, kuna benchi ya mbao mbele ya ukuta, na kofia imeachwa juu yake. Nyanya aliichukua mkononi, akaigeuza, akaisogeza karibu na kioo, akasema kofia ile anaijua. Kisha akakaa kimya, nami nikangoja.